Zahanati iko hatua 300 kutoka mlangoni, mtoto amezaliwa chumbani: ni nini hasa humfanya mama aende au asiende kujifungulia kituoni?

#1 Mzee wa Kivuko
Wanajukwaa, habari za jioni.

Wiki mbili zilizopita mke wa mdogo wangu alijifungua mtoto wa nne, kijijini kwetu wilayani Sengerema, chumbani kwake, akisaidiwa na mama yetu mzazi na jirani mmoja. Mama na mtoto wote ni wazima, tunashukuru. Kinachonisumbua ni kwamba ukisimama mlangoni kwao unauona mwembe wa uani pa zahanati ya kijiji, na nilipokwenda kumwona mtoto nilihesabu mwenyewe hatua: ni 300 na kidogo. Jengo hilo tulilijenga kwa mchanga na mawe yetu, na mdogo wangu alikuwa miongoni mwa waliosomba maji ya kufyatulia tofali.

Si kwamba shemeji ni mtu asiyejua hospitali. Alihudhuria kliniki mara nne, akapewa chandarua na vidonge vya kuongeza damu, na kadi yake imejazwa vizuri kuliko daftari la mwanafunzi. Miaka yote tumeambiwa kwamba akina mama hawajifungulii vituoni kwa sababu ya umbali. Mimi nadai kwamba umbali ni kisingizio tu, na kwamba uamuzi huu unatoka mahali pengine kabisa. Naomba mnisaidie kupajua.

#2 Mchokozi wa Malampaka
Mkuu, umemuuliza mwenyewe, au umehesabu hatua tu?

#3 Mzee wa Kivuko
Huyo ni shemeji yangu. Nitaanzaje kumuuliza mambo ya chumba cha uzazi? Mke wangu anakwenda huko Jumamosi, atamuuliza yeye, nami nitaleta jibu hapa.

#4 Mkunga Mstaafu
Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka 31 katika zahanati na vituo vya afya vya mikoa mitatu, kwa hiyo mniruhusu niandike kwa kirefu kidogo.

Mtoa mada ametaja kwamba huu ni uzazi wa nne, kisha akapita haraka, na hapo ndipo mimi ningesimama. Kliniki tumezoea kuwaambia wenye mimba ya kwanza, na wale wa mimba ya tano na kuendelea, kwamba wao wasithubutu kuzalia nyumbani kwa kuwa hatari yao ni kubwa zaidi. Tunasema kweli, lakini mama wa mimba ya pili, ya tatu au ya nne aliyekaa kwenye benchi hilohilo anasikia upande wa pili wa maneno hayo, kwamba yeye hana hatari, na anarudi nyumbani akijiambia kuwa njia yake imeshazoea. Ukweli ni kwamba damu inayomwagika baada ya mtoto kutoka haiulizi huu ni uzazi wa ngapi, na nimeona akina mama wa mtoto wa tatu, waliofika wakicheka, tukihangaika nao hadi alfajiri.

Isitoshe, uchungu wa mtoto wa nne huenda mbio. Mama anaanza kuumwa kiuno saa nane usiku, anasema asubiri kupambazuke asiwasumbue watu, na saa kumi kichwa cha mtoto kinaonekana. Mama wa namna hiyo hakuamua kuzalia nyumbani. Aliamua kusubiri tu.

Vyuoni tulifundishwa maelezo ya ucheleweshaji wa aina tatu, yaliyoandikwa na Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mtoa mada ameupima kwa miguu yake ule wa katikati peke yake, na bado ana miwili ya kuipima.

#5 Mama Pacha
Nakubaliana na Mkunga kuhusu kusubiri, ila ameliacha jambo ambalo kila mwanamke aliyebeba beseni kwenda leba analijua, nalo ni vifaa. Kwa sera, huduma za mama mjamzito katika vituo vya Serikali hazilipiwi. Kwa vitendo, kliniki unatajiwa orodha, na orodha hiyo ina glovu, mpira wa kutandika kitandani, pamba, nyuzi, wembe, kibanio cha kitovu, beseni, ndoo, na kanga zisizopungua tatu zilizo safi. Kwa anayeuza mchicha, hiyo ni hesabu ya mwezi mzima.

Mwaka 2017 nilipokuwa nimelazwa nikisubiri pacha wangu, kitanda cha pili alikuwepo dada mmoja ambaye muuguzi alipomuuliza vitu vyake viko wapi, tena kwa sauti ya kusikika wodi nzima, alifungua mfuko wa nailoni akatoa kipande kimoja cha kanga kilichokatwa, maandishi yake yameishia katikati ya neno, akakikunja upesi ili upande uliopauka uwe ndani. Hakuwa na kingine. Tulimchangia tuliokuwa karibu. Usiku aliniambia kwamba mtoto aliyetangulia alimzalia nyumbani, na kwamba safari hiyo alikuja kwa sababu tu miguu ilivimba na macho yakawa yanaona giza. Kumbukeni kwamba huyo alikuja. Je, wangapi wanakitazama kipande chao cha kanga, wanakirudisha kwenye sanduku, na kumwita bibi wa jirani?

#6 Takwimu Kwanza
Ndugu zangu, tusijadili kana kwamba tuko mwaka ule wa zamani. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za hali ya afya ya jamii, watoto waliozaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya Tanzania walikuwa asilimia 47 mwaka 2004/05, asilimia 50 mwaka 2010, asilimia 63 mwaka 2015/16, na asilimia 81 mwaka 2022. Katika kipindi kati ya tafiti hizi mbili za mwisho vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila wanawake 100,000. Kwa hiyo swali la mtoa mada linahusu kama mtoto mmoja kati ya watano, na mmoja huyo huenda ana sababu tofauti na zile za wanne waliokwisha kuhamia vituoni.

Kuna jambo linalounga mkono dai la Mzee wa Kivuko. Katika utafiti ule wa 2015/16, asilimia 98 ya wanawake walikuwa wamefika kliniki ya wajawazito walau mara moja, ilhali waliozaliwa vituoni ni asilimia 63. Umbali wa kwenda kliniki na umbali wa kwenda kujifungua ni uleule, barabara ni ileile, na tumbo ni lilelile. Aliyeweza kufika mwezi wa tano, kwa nini asifike mwezi wa tisa?

#7 Dereva wa Nyamatongo
Barabara si ileile, ndugu Takwimu. Kliniki mtu huenda saa mbili asubuhi, amevaa viatu, siku aliyoichagua mwenyewe, na mvua ikinyesha anaahirisha hadi wiki ijayo. Uchungu hauahirishwi. Mimi ni dereva wa bodaboda. Mwezi wa Aprili mwaka juzi nilibeba mama saa saba usiku, mume amekaa nyuma amemkumbatia, tukakuta korongo limejaa maji hadi magotini. Tulimshusha, tukamvusha kwa kumshika mikono, nikarudi kuivusha pikipiki kwa kuisukuma huku taa imezimika. Kliniki aliyohudhuria miezi yote ilikuwa ng'ambo ya korongo hilohilo. Mtoto alizaliwa kwenye majani upande wa pili, tukiona taa ya kituo. Mkiandika kwamba umbali ni kisingizio, semeni umbali wa saa ngapi na wa msimu gani.

Zamani ilikuwa kazi zaidi kwa wenye rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa kuwa gari la wagonjwa lilikuwa likisubiri kivuko. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hilo limepungua, na namwomba mtoa mada abadilishe jina lake.

#8 Mzee wa Kivuko
Jina libaki, mkuu. Mimi ni mzee wa kivuko hata kivuko kikiondoka.

#9 Binti wa Ukerewe
Dereva, siku hizi si wanapiga tu 115 gari linakuja bure?

#10 Nesi wa Zamu
Naomba nirekebishe hapo, na kidogo kwa ndugu Takwimu pia. Namba 115 ni ya mfumo wa m-mama, ulioanzia katika maeneo machache ya Kanda ya Ziwa na kutangazwa kuwa wa nchi nzima mwaka 2022. Anayepokea simu huuliza maswali, akithibitisha kwamba ni dharura ya mjamzito, ya mama aliyejifungua au ya mtoto mchanga hutuma gari la wagonjwa, na likikosekana hutuma dereva wa kijamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu. Umewekwa kwa ajili ya dharura, hauji kumchukua kila mama aliyeanza uchungu wa kawaida, na wengi wanaudhania hivyo kisha wanalalamika. Pili, vifo vya uzazi huhesabiwa kwa kila vizazi hai 100,000, si kwa kila wanawake 100,000.

#11 Takwimu Kwanza
Nimekosea, Nesi yuko sahihi. Asante.

#12 Mjukuu wa Bibi Mlezi
Mnazungumza kana kwamba mama mwenyewe ndiye anayeamua. Katika nyumba nyingi ninazozijua mimi, mwenye kauli ya mwisho usiku ule ni mama mkwe, naye anasema, "Mimi nilizaa tisa kwenye udongo huuhuu." Mtoa mada ameandika, bila kushtuka, kwamba aliyesaidia ni mama yake mzazi. Mzee wa Kivuko, umeshamuuliza mama yako alisema nini usiku ule?

Na kuna jambo ambalo watu hawapendi kuliandika. Kwetu, uchungu ukichelewa, wazee huanza kumtaka mama ataje majina, kwa imani kwamba mtoto amekwama kwa sababu ya mwanamume mwingine, na saa zinapotea watu wakisubiri kuungama badala ya kutafuta usafiri. Dada yangu alifungiwa chumbani kwa namna hiyo tangu asubuhi hadi magharibi. Alipofikishwa hospitali mtoto alikuwa ameshafariki, na yeye alibaki na fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au haja, hadi alipotibiwa Dar es Salaam miaka miwili baadaye. Kubaki nyumbani, kwa wengine, ni kuepuka aibu ya kuonekana uchungu umewashinda, kwa sababu kupelekwa hospitali kwenyewe kunachukuliwa kuwa ni kukiri.

#13 Mkulima wa Kimilili
Salamu kutoka Kenya. Sisi tulipitia mjadala kama huu mwaka 2013, Serikali ilipotangaza tarehe 1 Juni kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure, mpango ambao baadaye ulikuja kuwa Linda Mama. Kwa takwimu zetu za kitaifa, waliozaliwa vituoni walikuwa asilimia 43 mwaka 2008/09, wakawa 61 mwaka 2014, na 82 mwaka 2022. Kwa hiyo ningependa kumwambia Mama Pacha kwamba pesa ina maana kubwa.

Hata hivyo, akina mama walipofurika, vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyohiyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama mmoja alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya, kwa kuwa mwaka ule wa 2013 alijifungulia sakafuni hospitalini na akapigwa kofi na wauguzi. Kesi hiyo ilisikika hadi sokoni kwetu, na shangazi yangu alisema, "Umeona? Sakafu hata kwangu ipo."

#14 Takwimu Kwanza
Mkulima umenikumbusha utafiti uliofanyika Kasulu, mkoani Kigoma, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009. Watafiti waliwaonyesha wanawake zaidi ya 1,200 maelezo ya vituo viwili viwili vya kufikirika, kimoja kiko karibu kingine mbali, kimoja kina dawa kingine hakina, na kadhalika, wakaombwa wachague wangependa kujifungulia wapi. Mambo mawili yalishinda yote: mhudumu mwenye heshima, na uwepo wa dawa na vifaa. Hesabu zao zilionyesha kwamba vituo vilivyopo vikiboreshwa kwa mambo hayo, wanaopendelea kujifungulia kituoni wangepanda kutoka asilimia 43 hadi 88. Umbali haukuongoza.

Dereva usinikasirikie, najua kwamba kadi ya mtafiti haina korongo.

#15 Nesi wa Zamu
Sasa mmefika kwangu, na niliona mnakuja.

Mimi niko zamu usiku huu ninapoandika. Niko peke yangu. Usiku wa kuamkia juzi nilikuwa na akina mama wawili, mmoja njia imefunguka sentimita tisa, mwingine ametoka kujifungua na kondo la nyuma halijatoka, umeme umekatika, na simu yangu nimeibana begani taa ikielekea chini kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Nje ya dirisha walisimama ndugu sita wakiniuliza mbona kimya. Nilipaza sauti, ndiyo. Nilimwambia mama "sukuma" kwa sauti ambayo nisingeitumia mezani. Asubuhi nilisikia kwamba nina dharau.

Kuna wenzetu wanaotukana, na lile neno la kumuuliza mama mbona alipokuwa akiitafuta mimba hakulia, nimelisikia kwa masikio yangu na nimelikemea. Lakini mkihesabu kinachomfukuza mama, hesabuni pia kwamba muuguzi mmoja amewekwa afanye kazi ya watatu, na kwamba dawa ya oksitosini, ambayo inazuia damu, inataka ubaridi, nasi friji tunayoitegemea ni ile ya chanjo.

#16 Mama Pacha
Nesi, pole, na sikukusudia wewe. Lakini yule dada wa kipande cha kanga hakuulizwa usiku wakati umeme umekatika. Aliulizwa saa nne asubuhi, na wauguzi walikuwa watatu, wakinywa chai.

#17 Nesi wa Zamu
Hapo sina jibu.

#18 Takwimu Kwanza
Nyongeza fupi. Utafiti uliofanyika mkoani Tanga uliwauliza akina mama kama walidharauliwa au kutendewa vibaya wakati wa kujifungua. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, kama asilimia 19 walisema ndiyo. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, ikawa asilimia 28. Maana yake ni kwamba ukimuuliza mama akiwa bado ndani ya geti, hujapata jibu lake lote.

#19 Msema Wazi
Kijijini kwetu hawakuhangaika na utafiti. Halmashauri ya kijiji ilipitisha faini kwa kila anayezalia nyumbani, na kwa mwaka mmoja zahanati ilijaa. Pigeni faini, uzi uishe.

#20 Mkunga Mstaafu
Msema Wazi, nimefanya kazi kwenye kata yenye faini kama hiyo, na nitakueleza nilichokiona. Mama aliyezalia nyumbani kwa bahati mbaya, usiku, bila kukusudia, aliogopa kumleta mtoto kwenye chanjo kwa kuwa ataulizwa alizalia wapi. Wengine walikuja mbio na mtoto amefungwa kwenye kanga, kitovu hakijakatwa, wakiomba tuandike kwamba amezaliwa hapa, na mimi, Mungu anisamehe, niliwahi kuandika, kwa sababu nilimjua mama huyo na nilijua kwamba hana pesa hiyo. Kwa hiyo hata zile asilimia za ndugu Takwimu, ndani yake yumo mtoto wangu mmoja wa kwenye kanga.

#21 Takwimu Kwanza
Kwa heshima yote, Mkunga, rejesta ya zahanati siyo chanzo cha asilimia nilizozitaja. Tafiti zile huwafuata wanawake majumbani na kuwauliza wenyewe. Mtoto wako wa kwenye kanga yumo kwenye takwimu za wilaya, si kwenye zangu.

#22 Mchokozi wa Malampaka
Kama faini ipo, na anayeuliza ni mgeni mwenye kishikwambi, mama atajibu nini, ndugu Takwimu?

#23 Takwimu Kwanza
Hoja imepokelewa. Nitalala nayo.

#24 Mzee wa Kivuko
Wanajukwaa, mke wangu amerudi, na mimi sijui niiweke wapi taarifa aliyokuja nayo.

Alimuuliza shemeji wakiwa wanamwogesha mtoto. Shemeji akamwambia hivi: muuguzi aliyehamishiwa zahanati yetu mwaka jana ni binti wa nyumba ya tatu kutoka kwao. "Yule mtoto nimembeba mgongoni mama yake alipokuwa anapalilia. Nimemwogesha kama ninavyomwogesha huyu. Leo nivue nguo nilale mbele yake, anipime njia, halafu kesho tukutane kisimani aniamkie shikamoo?" Mtoto wake wa tatu alikwenda kumzalia kituo cha afya kilicho kilomita 11, ambako hamjui mtu, na safari hii alipanga hivyohivyo, ila uchungu ukamwahi.

Kwa hiyo zile hatua 300 nilizozihesabu ili nimlaumu nazo ndizo zilizomfanya asiende.

#25 Mkunga Mstaafu
Nilisema. Uchungu ulimwahi. Bandiko namba 4.

#26 Mama Pacha
Mkunga, umechukua sentensi ya mwisho ukaiacha ile yenye uzito. Mama alikuwa tayari kwenda kilomita 11 na pesa ya bodaboda mkononi ili tu asionwe na mtu anayemfahamu. Hiyo ni sitara, ndugu zangu. Wodi zetu nyingi hazina hata pazia kati ya kitanda na kitanda.

#27 Mwana wa Chake Chake
Assalamu alaykum. Ajabu ni kwamba huku kwetu Pemba ni kinyume. Mkunga wa jadi anaitwa hasa kwa kuwa anajuana na mzazi tangu kwa bibi yake, na kwa kuwa siri ya nyumba haimtoki. Mgeni ndiye anayeogopwa, na mgeni mwanamume zaidi, kwani mama akisikia kwamba zamu ya usiku ni ya daktari wa kiume, anaweza kuvumilia uchungu hadi alfajiri. Isitoshe kuna mambo ya baada ya kuzaa, kukandwa kwa maji ya moto, kufungwa tumbo na siku arubaini, ambayo hospitali hawayafanyi, na mzazi huona kama kule amehudumiwa nusu. Siku hizi wahudumu wa afya wa jamii, wale wa mpango wa Jamii ni Afya wenye simu, hupita nyumbani mapema na kupanga na familia nzima, mume akiwepo, nani ataita gari na nani atabaki na watoto, na nimeona mambo yakibadilika. Lakini shemeji yake Mzee wa Kivuko angekuwa Pemba angemwita binti yule kwanza.

#28 Binti wa Ukerewe
Na kondo la nyuma je? Bibi yangu hakubali hospitali kwa sababu anasema kondo linatupwa shimoni pamoja na ya watu wengine, na mtoto atakuja kuwa mtu asiye na kwao.

#29 Mchokozi wa Malampaka
Langu lilizikwa chini ya mgomba, vizuri kabisa, na nimehama mikoa sita. Mwambie bibi.

#30 Mkunga Mstaafu
Mnacheka, lakini mimi nilikuwa nawauliza akina mama, "Unalitaka?" Anayelitaka nilimfungia kwenye chombo chake, nikampa. Haikunigharimu kitu. Vilevile wapo waliozoea kuzaa wamepiga magoti au wamechuchumaa, wakifika kwetu wanalazwa chali. Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza mwaka 2018 kwamba mama aachiwe mkao anaoutaka, na awe na mtu wake wa karibu wakati wa uchungu. Nilipojaribu kuwaruhusu, vitanda vyenyewe vilikuwa vinanigomea, kwa kuwa vimetengenezwa kwa ajili ya kulala tu.

#31 Dereva wa Nyamatongo
Mzee wa Kivuko, nina swali moja. Usiku ule kuna mtu aliyekwenda kugonga zahanati?

#32 Mzee wa Kivuko
Hapo ndipo nimekwama, Dereva. Mdogo wangu anasema alikwenda, akagonga, akakuta kufuli, na mlinzi hakuwepo. Mama anasema mdogo wangu hakutoka nje ya ua. Shemeji anasema alimkataza mumewe asiende kumwita yule binti, na kwamba kama alimtii au alitoka, yeye hajui. Binti mwenyewe anasema alikuwepo usiku kucha na taa ya sola ilikuwa inawaka. Mke wangu amewauliza wote wanne, kila mmoja peke yake.

#33 Mjukuu wa Bibi Mlezi
Na mama yako alisema nini? Nimeuliza tangu bandiko namba 12.

#34 Mzee wa Kivuko
Mama anasema hakuulizwa na mtu. Alisikia kilio, akaingia, akakuta kazi imeshaanza.

#35 Msomaji Kimya
Nimewasoma tangu mwanzo bila kuandika. Nina mimba ya tatu, wiki ya 36. Zahanati iko kilomita nne, kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji kiko 22. Mara ya pili nilitokwa na damu nyingi nikiwa nyumbani, ikakata yenyewe. Kliniki sikuwaambia, kwa sababu pale kwetu kuna faini. Je, niende zahanati?

#36 Mkunga Mstaafu
Mwanangu, usiende zahanati kujifungua, na usisubiri uchungu uanze. Kesho asubuhi nenda kliniki na kadi yako, uwaambie kuhusu ile damu kama ulivyotuambia sisi. Kama hutaki kutaja mahali ulipozalia, taja damu tu. Uliza kama kituo cha afya kina nyumba ya kusubiria wajawazito, kwingine wanaiita chigonela, ukae huko wiki mbili za mwisho. Wingi wa damu wamekuandikia ngapi kwenye kadi?

#37 Msomaji Kimya
Wameandika 9.1, ya mwezi uliopita. Nyumba hiyo ipo, ila wanataka mtu aje na mtu wa kumpikia, na mama mkwe ndiye anayebaki na watoto.

#38 Nesi wa Zamu
Hiyo 9.1 ni damu pungufu, wapime tena kesho hiyohiyo. Kuhusu kupika, mngekuwa wawili au watatu mnaosubiri mngeweza kubadilishana na kupikiwa na ndugu mmoja, wengi hufanya hivyo. Uko wilaya gani? Niandikie faragha.